Rezo ikifa, tuulize njia imekatika wapi

Mwezi wa 8 mwaka 2023 mama mmoja alikuja kunitafuta, simu mkononi. Alikimbia zamani kutoka upande wa Mitwaba, na mtoto wake wa kwanza anaishi Kinshasa. Akaniambia: "Papa jurnalisti, mutoto yangu amenifunga ku WhatsApp. Juma mbili, sauti ninatuma haifiki." Modemu ndogo ya nyumbani alikuwa amekwisha kuiuza kwa bei ya bure, akifikiri imeharibika.

Modemu ilikuwa nzima. Mtoto naye hakuwa amemfunga mama yake. Kitu kilichokatika kilikuwa chini ya bahari ya Atlantiki.

Ndugu wasikilizaji, tangu siku ile nimeona kwamba rezo ikifa, wengi wetu tunatafuta kosa mahali pawili tu: katika kifaa, ao katika roho ya mtu wa upande wa pili. Kwa jamaa iliyokimbia na kutawanyika, hilo la pili linauma sana. Lakini njia ya intaneti ni ndefu, na kila kipande chake kimekwisha kukatika siku moja. Tukijua namna kilivyokatika zamani, tunaweza kupima leo.

Tuanze na umeme, sababu Mwadingusha ni umeme. Maporomoko ya Lufira hapa kwetu, yale Wabelgiji waliyoyaita Cornet, yalifungiwa maji, na ziwa Tshangalele likazaliwa. Santrali, iliyoitwa Francqui, ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Haikujengwa kwa taa za nyumba, na mpaka leo nyaya kubwa za Katanga zinapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku vinawasha koroboi. Mashine zilizeeka, SNEL pamoja na Kamoa Copper wakazifanya upya, na mwaka 2021 turbini 6 zikafika karibu megawati 78.

Hayo yanahusu rezo namna gani? Antena ya simu nayo inakula umeme. Delestaji ikiwa ndefu, antena inaishi kwa batri, ao kwa sahani za jua, ao kwa grupu yenye kunywa mazutu. Batri zikiisha na mazutu haijafika, antena inalala. Alama yake ni hii: vijiti vya rezo vinapotea kabisa, hata kupiga simu haiwezekani, lakini jirani mwenye karte ya kampuni ingine anaweza kuendelea kuongea. Hapo usifungue modemu kwa kisu. Ngoja umeme.

Wazee wetu walikuwa na bahati moja: walijua mara moja njia imekatikia wapi. Mbele ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanasayansi Robert Goldschmidt, akisaidiwa na Mfalme Albert wa Kwanza, alisimamisha vituo vya telegrafu bila waya kuanzia Banana, kwenye bahari, mpaka Elisabethville. Habari iliruka kutoka kituo hata kituo. Kimoja kikinyamaza, habari inalala pale. Nyuma zaidi ikaja foni, ile wengi wenu mnaikumbuka, kwenye parokia ao kwa mfanyabiashara. Ulifika kwa saa iliyopangwa, ukangoja kwenye banco, na mwenye kushika foni akakuambia wazi: "Leo Pweto haisikiki, rudi kesho." Siri haikuwako, deni lako na ndoa ya mtoto wako vilisikiwa na kila mtu aliyekaa pale. Lakini sijasikia mtu aliyerudi nyumbani akisema ndugu yake amemkataa, sababu ya foni kunyamaza.

Telecel ilikuja katika miaka ya 1980, simu ya wakubwa na wenye dola. Celtel ikafika mwaka 2000, Vodacom 2002, na simu ikashuka mpaka kwa mama wa soko. Intaneti ilipita hasa katika satelite, polepole na kwa bei kali, mpaka mwaka 2013 nchi ilipofungua njia ya kabo ya baharini WACS, inayotokea Muanda. Tangu pale sehemu kubwa ya nchi, na zaidi Kinshasa, ilitegemea uzi ule. Sisi wa Katanga tuna pia mlango wa kusini, nyuzi zinazopita Kasumbalesa kwenda Zambia. Ndiyo sababu kuna siku Lubumbashi inaongea na Kinshasa inanyamaza.

Sasa tufuate maji yetu. Lufira inaingia katika Lualaba, Lualaba inakuwa mto Kongo, na Kongo unaingia katika bahari. Pale mdomoni kuna bonde refu sana linaloendelea chini ya maji ya bahari. Mwezi wa 1 mwaka 2020, nyuma ya mto kujaa kupita kipimo, matope na mchanga vilianguka katika bonde lile na kukimbia zaidi ya kilometa 1,100 chini ya bahari. Vikakata kabo mbili, SAT-3 na WACS. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 2023 kukawa maporomoko mengine katika bonde lile lile, na kabo hizo mbili zikakatika tena. Meli Léon Thévenin ikatoka Cape Town: kutafuta mahali, kushusha ndoano, kuvuta uzi mpaka juu, kuunga, kurudisha chini. Mpaka mwezi wa 9. Siku zile simu za sauti za hapa nchini zilipita, SMS zilipita, lakini picha na sauti za WhatsApp zilikuwa zinazunguka tu. Hiyo ndiyo alama ya bahari: njia haifi yote, inakuwa nyembamba, na kampuni zaidi ya moja zinalia pamoja.

Kuna ukatikaji mwingine, usio wa maji wala wa mazutu. Mwezi wa 1 mwaka 2015, watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilifungwa kwa amri. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kesho yake ya kura ya rais, ilifungwa tena, na SMS pamoja, karibu siku 20. Mshauri wa rais, Barnabé Kikaya bin Karubi, alieleza kwamba ni kwa kuzuia matokeo ya uongo yasienee. Sheria ya simu ya mwaka 2002 iliipa serkali uwezo huo. Ile ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 imechukua nafasi yake. Mimi naona ukatikaji huu unauma kuliko yote. Bahari hauwezi kuiuliza. Amri iko na mtu aliyeitia mukono. Alama: kampuni zote, saa moja, muji wote, na kupiga simu kunaendelea.

Basi rezo ikifa nyumbani, anza karibu. Taa ya modemu inawaka? Inite ao forfe bado iko, ao siku zake zimeisha? (Mara nyingi sana ni hiyo, msinichekee.) Toa modemu kwenye umeme kwa dakika moja, rudisha. Bado? Toa karte, itie katika simu ingine. Ikifanya kazi mule, ubaya uko katika modemu. Isipofanya, uliza jirani wa kampuni moja na wewe, kisha jirani wa kampuni ingine. Wa kampuni yako naye hana, wa ingine anayo: ni antena ao kampuni. Wote hawana: piga simu ya kawaida kwa ndugu yako wa mbali. Ikilia, mwulize kama kwake kuko hivyo.

Yule mama tulifanya hivyo, kwa inite za franka mia tano. Simu ililia mara tatu. Mtoto akapokea, na yeye ndiye aliyeanza kulalamika: "Mama, juu ya nini unakataa kunijibu?"

Modemu aliikomboa kwa yule kijana kwa bei mara mbili.