Metro 2033: vita ya Wekundu, Hansa na Reich chini ya mji wa Moscow

Vijana wengi wanaijua Metro kama mchezo wa video tu, ule wa kupiga risasi gizani na mask ya gesi usoni. Wachache wanajua kama nyuma ya mchezo kuna kitabu, na ndani ya kitabu kuna vita yenye makundi yake, mipaka yake na mapatano yake. Hapa tunaeleza vita hiyo ni ya nani na nani, ilianza namna gani, iliisha namna gani, na raia wa kawaida alipata nini. Tuseme wazi tangu mwanzo: ni hadithi ya kutungwa. Lakini vituo tunavyotaja humu viko kweli, na kila siku watu wa Moscow wanapandia treni hapo.

Kitabu na mwandishi wake

Mwandishi ni Dmitry Glukhovsky, aliyezaliwa Moscow mwaka 1979. Alifanya kazi ya uandishi wa habari, kati ya sehemu zingine kwenye televisheni ya Euronews, kule Ufaransa. Metro 2033 aliiweka kwanza kwenye intaneti mwaka 2002, watu wasome bure. Kitabu cha karatasi kilitoka mwaka 2005. Kisha zikafuata Metro 2034 (2009) na Metro 2035 (2015). Mchezo wa kwanza wa video ulitoka mwaka 2010, ukitengenezwa na 4A Games, kampuni iliyoanzia Kyiv, mji mkuu wa Ukraine.

Hadithi inaanza hivi: mwaka 2013 mataifa makubwa yalirushiana mabomu ya atomiki. Juu ya ardhi hakuna tena maisha ya kawaida, hewa yenyewe inaua. Wenye kuokoka Moscow ni wale tu waliowahi kushuka ndani ya metro, yaani treni ya chini ya ardhi.

Wazo hilo halikutoka hewani. Metro ya Moscow ilifunguliwa mwaka 1935, na vituo vyake vingi vilichimbwa chini sana. Mwaka 1941, ndege za Ujerumani zilipokuwa zinapiga mji, wakaaji walilala humo pamoja na watoto wao. Habari za bomu ya atomiki nazo si za mbali na Congo: uranium ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilitumiwa katika kutengeneza mabomu ya Marekani ya mwaka 1945.

Miaka makumi mawili baada ya mabomu, ndani ya kitabu, kila kituo kimekuwa kama nchi ndogo. Watu wanafuga nguruwe na kulima uyoga, maana uyoga hauombi jua. Kituo cha VDNKh, anakoishi kijana Artyom, kinajulikana kwa chai yake ya uyoga. Pesa ni risasi za Kalashnikov. Unanunua chai kwa risasi, unalipa kodi kwa risasi. Na siku ya kushambuliwa, unapiga hizo hizo.

Makundi makubwa ni yapi?

Hansa. Hawa wanashika mstari wa mviringo, unaozunguka katikati ya mji na kukutana na mistari mingine. Jina lao linatoka kwa umoja wa miji ya biashara ya Ulaya ya zamani. Siasa yao ni biashara. Mwenye kushika njia panda anakula kwa kila mpita njia, na sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa hilo. Kuingia kwao unaonyesha makaratasi, unafunguliwa mizigo, unaulizwa unatoka wapi na unaenda kwa nani.

Mstari Mwekundu. Ni Wakomunisti, wenye kushika mstari wa kwanza kabisa wa metro, ule ambao hata kwenye ramani ya kweli unachorwa kwa rangi nyekundu. Walirudishia vituo vyao majina ya wakati wa Usovieti: Okhotny Ryad ikawa tena Prospekt Marksa. Congo tunajua hiyo kazi ya kubadilisha majina. Jina linabadilika asubuhi, njaa inabaki ile ile.

Reich ya Nne. Hawa ni mafashisti. Wana vituo vitatu tu vilivyoungana: Pushkinskaya, Tverskaya na Chekhovskaya. Kwao mtu anapimwa kwa damu yake na asili yake.

Polis. Ni vituo vinne vya katikati, karibu na maktaba kubwa ya taifa. Hapo wanatunza vitabu na elimu.

Vita ilianza na kuisha namna gani?

Wekundu walitaka mapinduzi yaenee katika metro yote. Hansa waliona hatari kwa biashara yao. Kama mapinduzi yangefika kwenye mviringo, nani tena angelipa kodi ya kupita? Mapigano yakaanza. Lakini vita ya tuneli si kama vita ya msituni. Hakuna pembeni pa kuzungukia. Kuna mbele na nyuma tu, na bunduki moja kubwa ikiwekwa vizuri inaweza kuzuia watu wengi. Watu walikufa, na mstari wa mapigano haukusogea sana.

Mwishoni pande zote zilichoka. Wakafanya mapatano na kubadilishana vituo: Wekundu wakapata Ploshchad Revolyutsii, jina lenye maana ya Uwanja wa Mapinduzi, na wakaachilia kituo cha Maktaba ya Lenin, ambacho kikawa cha Polis. Ile ndoto ya mapinduzi ya metro nzima iliwekwa kando. Wakubwa wao walianza kufundisha kwamba ukomunisti unaweza kujengwa kwenye mstari mmoja tu. Waliokufa kwa ajili ya fundisho la kwanza hawakuambiwa.

Na raia?

Artyom anatumwa kutoka VDNKh mpaka Polis kuomba musaada, kwa sababu viumbe vya ajabu kutoka juu vinashambulia kituo chao. Kwa treni ya zamani ilikuwa safari fupi. Sasa inamupitisha mikononi mwa makundi hayo yote. Kwa mafashisti anaona mwanajeshi akimupiga risasi kijana mwenye ulemavu. Anamupiga mwanajeshi huyo, na anahukumiwa kunyongwa. Wanaomuokoa ni wanamapinduzi wachache wanaotembea na jina la Che Guevara. Kwa Hansa anafungwa kazi ya kusafisha vyoo kwa sababu ya deni la mchezo wa kamari. Anatoroka akiwa amechafuka vibaya, na walinzi wale wakali wa makaratasi wanakimbia harufu. Hakuna anayemuomba karte.

Asiyetaka kujua mwisho aruke fungu hili. Artyom anafaulu: roketi zinapatikana, viumbe vinapigwa. Ila dakika za mwisho anafahamu kama havikuja kuua. Vilikuwa vinatafuta namna ya kuongea na watu, na yeye ndiye alikuwa mlango wao. Roketi zimekwisha kuruka.

Hapo ndipo uzito wa kitabu uko. Wekundu, Hansa na Reich wanachukiana, lakini wote wanafundisha watu wao jambo moja: mwenye kutoka upande mwingine ni adui mpaka aonyeshe kinyume. Watu waliozoea hivyo miaka makumi mawili hawakuweza tena kutambua aliyekuja kwa amani.

Kutoka hadithi mpaka kweli

Februari 2022 Urusi ilivamia Ukraine. Kule Kyiv, mji ambako mchezo ulitengenezewa, maelfu ya wakaaji walishuka kulala ndani ya vituo vya metro, na magodoro, watoto na mbwa wao. Glukhovsky alilaani vita hiyo waziwazi. Urusi ikamutafuta, naye alikuwa amekwisha toka nchini. Mwaka 2023 tribinali ya Moscow ilimuhukumu miaka 8 ya gereza bila yeye kuwepo.

Kwa hiyo kijana, ukikaa tena mbele ya ekrani kucheza Metro, cheza. Ila jua kama aliyeitunga hawezi kurudi kwao, na kama kuna watoto waliosikia mabomu wakiwa chini ya ardhi kweli, bila kitufe cha kuzima.