Nani aliuhamisha mpaka?

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani tangu siku niliyokwenda kumsindikiza rafiki yangu uwanja wa ndege.

Jamaa alikuwa anakwenda kusoma Ulaya. Viza anayo, barua ya chuo anayo, tiketi anayo. Tulidhani kazi imekwisha. Alipofika kwenye kaunta, mhudumu wa shirika la ndege aliichukua pasipoti, akaigeuzageuza, kisha akanyanyua simu. Akaja mzungu mmoja kavaa shati la kawaida, hana sare. Alimuuliza maswali karibu dakika ishirini: nani anakulipia, utarudi lini, baba yako anafanya kazi gani. Mwisho akamruhusu. Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali. Yule bwana ni nani? Na mpaka wa Ulaya umefikaje hapa kwetu, kabla hata mtu hajapanda ndege?

Nikaanza kuchimba. Kumbe hadithi hii ni ndefu.

Zama za meli, mpaka ulikuwa bandarini. Mhamiaji wa Marekani alikaguliwa Ellis Island, kituo kilichofunguliwa New York mwaka 1892. Akikataliwa, kampuni ya meli ilimrudisha kwa gharama yake. Fikiria mtu ameuza shamba na mifugo, amevuka bahari, halafu anarudishwa huku majengo ya New York anayaona kwa macho yake. Mwaka 1924 Marekani ikapitisha sheria iliyomtaka mhamiaji apate kwanza viza kwa konseli wake huko huko atokako. Mwaka 1925 ikaanza kupeleka maofisa wa uhamiaji na madaktari kwenye ofisi zake za kikonseli Uingereza na Ireland, wawapime watu kabla ya safari.

Tuseme ukweli, kuna huruma ndani yake. Bora ukataliwe ukiwa bado na shamba lako. Ila kuna jambo jingine pia: anayekataliwa kwao haonwi na yeyote, wala hakuna gazeti la New York litakaloandika habari zake.

Sasa msikilize huyu. Uingereza nayo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliweka maofisa wa pasipoti kwenye balozi zake. Nafasi hiyo ilitumika pia kama mwavuli wa ujasusi. Berlin alikuwepo Frank Foley, aliyekaa huko hadi vita vilipozuka mwaka 1939. Wayahudi walipoanza kupanga foleni mlangoni kwake, kanuni zilimtaka awakatae wengi wao. Foley akazikunja. Alitoa viza kwa watu ambao kwa karatasi hawakustahili, na aliingia hadi kwenye kambi za mateso akiwa na viza mkononi kuwatoa wafungwa. Kinga ya kidiplomasia hakuwa nayo. Waliookoka kwa mkono wake ni maelfu. Alifariki mwaka 1958, na mwaka 1999 taasisi ya Yad Vashem ya Israel ikamtangaza kuwa mmoja wa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa.

Lakini mwaka 1938, wakati Foley anagonga mihuri yake, wakuu wa Uswisi na Ujerumani walikaa mezani wakakubaliana kwamba pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zigongwe herufi J, ili ofisa wa mpakani awatambue mara moja. Huo nao ulikuwa ushirikiano wa kimataifa wa maofisa wa uhamiaji, ndugu yangu. Tusilisahau.

Baada ya vita ukaja Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, unaokataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Mkataba mzuri, ila una sharti: mkimbizi ni yule ambaye tayari yuko nje ya nchi yake. Je, ukimzuia asitoke kabisa?

Hapo ndipo mashirika ya ndege yalipoingizwa mchezoni. Mwaka 1987 Uingereza ilipitisha sheria ya kulitoza shirika pauni 1,000 kwa kila abiria asiye na hati halali, na mwaka 1991 faini ikawa pauni 2,000. Nchi nyingine za Ulaya nazo zikawa na faini zao. Ndipo maofisa wa uhamiaji wakatumwa kwenye viwanja vya nje kuwasaidia wahudumu wa kaunta. Kwa kawaida kazi yao kisheria ni kushauri tu. Lakini niambie, shirika gani litaupuuza ushauri huo na faini linaijua? Februari 2004 Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni ya kuwaunganisha maofisa wake kama hao katika mtandao mmoja, na mwaka 2019 ukaiandika upya.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Prague. Julai 2001, kwa makubaliano na serikali ya Czech, maofisa wa Uingereza walianza kuwahoji abiria katika uwanja wa ndege wa mji huo. Lengo lilikuwa kuwazuia waliotaka kwenda kuomba hifadhi, na wengi wa waombaji hao walikuwa Waroma. Watetezi wao walikaa pale wakahesabu: karibu asilimia 90 ya Waroma walikataliwa, wasio Waroma ni asilimia 0.2 tu. Kesi ikafika hadi Baraza la Malodi mjini London. Desemba 2004 majaji walisema Waroma walibaguliwa kwa asili yao, na huo ni uvunjaji wa sheria. Lakini hoja ya ukimbizi ilishindwa. Walikuwa hawajatoka nchini mwao, kwa hiyo Mkataba haukuwagusa!

Sipingi maofisa kukaa nchi ya jirani. Hata sisi tunafanya hivyo. Pale Namanga, kwenye kituo cha pamoja walichozindua marais Magufuli na Kenyatta Desemba 2018, ofisa wetu anakugongea muhuri wa kutoka akiwa amekaa upande wa Kenya. Lakini ana sare, ana dirisha, ana muhuri. Ukionewa unajua pa kuanzia kulalamika.

Rafiki yangu alinipigia simu baada ya siku mbili, amefika salama, baridi inamtesa. Nikamuuliza kama yule bwana alimtajia jina.

Hakumtajia. Na yeye hakuthubutu kuuliza.