Kupanga ujenzi kwa pamoja: kisa cha Terminal 5 ya Heathrow

Wadau, kwenye majengo mengi utakuta kituko hiki: plasta imepigwa, imekauka safi, halafu anakuja fundi umeme na tindo lake, anatindua ukuta apitishe waya. Wiki inayofuata fundi bomba naye anabomoa kwa upande wake. Watu wanasema mafundi hawana akili. Mara nyingi hakuna aliyewakalisha meza moja kabla kazi haijaanza.

Jambo hili limeshapimwa. Miaka ya 1990 Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, walihesabu: kati ya kazi zilizopangwa kumalizika wiki fulani, ngapi zilimalizika kweli? Ikaja karibu nusu tu! Kazi zilikuwa zinapangwa wakati vifaa havijafika, michoro haijakamilika, au fundi wa kabla hajatoka. Ndipo ukaja utaratibu unaoitwa Last Planner, yaani mpangaji wa mwisho. Msimamizi wa mafundi mwenyewe anaahidi mbele ya wenzake atamaliza nini wiki hiyo, na haahidi kazi ambayo vikwazo vyake bado vipo. Wiki ikiisha wanahesabu ahadi zilizotimia na kuuliza zile nyingine zimekwamia wapi.

Sasa twende London, uwanja wa ndege wa Heathrow. Terminal 5 ilianza kujengwa mwaka 2002 kwa bajeti ya pauni bilioni 4.3. Saiti yenyewe iko katikati ya njia mbili za ndege, na kreni hazikuruhusiwa kwenda juu sana kwa sababu ya rada. Mwenye mradi, kampuni ya BAA, alikuwa ameshaungua: Oktoba 1994 handaki la reli lililokuwa likichimbwa hapohapo Heathrow liliporomoka. Hakufa mtu, ila hasara ilikuwa kubwa.

Kwa kawaida mwenye jengo humbebesha mkandarasi hatari zote. Kosa likitokea kila mmoja anaficha lake, na wanaoshiba ni wanasheria. Terminal 5 BAA ilibeba hatari yenyewe, ikakata bima moja ya mradi mzima, na wakandarasi wakalipwa gharama halisi pamoja na faida waliyokubaliana. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri. Nani atasema ukweli kikaoni kama ukweli huo utamfilisi?

Angalia paa. Ni la upinde, linavuka zaidi ya mita 150 bila nguzo katikati. Wasanifu, wahandisi na watengeneza vyuma walikaa pamoja, kisha wakaunga kipande chake kwanza huko Yorkshire, mbali kabisa na Heathrow. Matatizo yakajitokeza kule, yakatatuliwa kulekule. Walipokuja kulipandisha saitini, muda mwingi ukaokolewa.

Basi jengo likafunguliwa kwa abiria kwa wakati uliopangwa, Machi 27, 2008, na ndani ya bajeti. Halafu siku hiyohiyo mambo yakaharibika bwana! Wafanyakazi wa British Airways walihangaika kupata pa kuegesha magari, wengine walishindwa kuingia kwenye kompyuta, mfumo wa mizigo ukazidiwa. Mamia ya safari yakafutwa na maelfu ya mabegi yakalala uwanjani.

Mwaka huohuo mkuu wa British Airways, Willie Walsh, aliiambia kamati ya Bunge la Uingereza kwamba muda wa majaribio ulibanwa kwa sababu sehemu za jengo zilichelewa kukamilika, lakini wao wakaamua kuhamia hivyohivyo. Kwa hiyo ile "tarehe ileile" inayosifiwa ililipiwa na wapakia mizigo, ambao hawakupata muda wa kutosha wa kulizoea jengo. Awamu ya pili ya kuhamisha safari, iliyopangwa Aprili 30, ikabidi isogezwe hadi Juni.