Erasmus na Mtumwa wa Cicero

Baadhi yetu hudhani elimu ya wahumanisti wa Ulaya ilikuwa kukariri Kilatini cha kale, basi. Hebu tumtazame Erasmus. Mwaka 1528 alichapisha Ciceronianus, majibizano yanayomcheka Nosoponus, msomi wa kubuni aliyekataa kila neno asilolikuta kwa Cicero. Maskini, hujifungia ndani, akala zabibu kumi, na usiku mzima wa baridi humtosha kutunga sentensi moja! Lakini Erasmus hakumtupa Cicero, alimpenda. Hoja yake: Cicero alisema na watu wa zama zake, anayemwiga neno kwa neno katika zama nyingine hafanani naye hata kidogo. Sisi je? Kichomi cha Kezilahabi (1974) tunakihesabia mizani. Muyaka tunamsifu kwa vina, bila kuuliza alikuwa akibishana na nani pale Mombasa.