Pemba na ufundishaji wa historia ya dunia

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania, Bara na Zanzibar, amefanya mitihani miwili ya historia. Mmoja umehusu Afrika. Wa pili umehusu ulimwengu, na mada zake zimefuata njia ya Ulaya na Marekani: kukua kwa ubepari, Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, mapinduzi ya viwanda ya Uingereza, kuungana kwa Italia na Ujerumani, mapinduzi ya Urusi ya 1917, kisha kuinuka kwa Marekani. Bahari ya Hindi haina nafasi yake katika mfululizo huo. Wahindi, Waajemi, Waarabu na Wachina aghalabu hutajwa pale Mzungu anapowafikia.

Kisiwa cha Pemba ni mahali pazuri pa kuupimia mpangilio huo. Kiko kilomita 50 hivi kutoka pwani ya Bara, na ardhi yake imehifadhi ushahidi unaoweza kumfikisha mwanafunzi Misri, Ghuba ya Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya Maluku bila kumpitisha London wala Lisbon.

Vitabu na vitovu vyake

Kabla ya skuli za serikali, mtoto wa Kipemba alikutana na dunia chuoni. Pamoja na kusoma Kurani alisikia sira ya Mtume, visa vya mitume, na habari za Makka, Madina, Misri na Sham. Dunia hiyo ilikuwa na kitovu, lakini kitovu hicho hakikuwa Ulaya. Skuli zilizofunguliwa chini ya himaya ya Waingereza, iliyoanza 1890, zilileta vitabu vya aina nyingine. L. W. Hollingsworth, aliyefanya kazi katika idara ya elimu ya Zanzibar, aliandika historia fupi ya pwani ya Afrika Mashariki iliyotoka 1929, na vitabu vya Kiswahili vya skuli viitwavyo Milango ya Historia. Katika maandishi ya zama hizo pwani ilisimuliwa kama mfululizo wa watu waliokuja: Waajemi, Waarabu, Wareno, Waomani, Waingereza. Wenyeji walionekana wakipokea tu.

Hata magofu ya Pemba yalisomwa kwa jicho hilo. Meja Francis Pearce, Residenti wa Uingereza, alichapisha kitabu chake kuhusu Zanzibar mwaka 1920, na humo aliyaeleza magofu ya misikiti na makaburi ya kisiwani kuwa kazi ya wageni kutoka Uajemi. Kwa hiyo Pemba ilikuwa na vitovu viwili vya nje kwa pamoja: Ulaya kwa mambo ya karne za karibuni, na Uajemi na Arabuni kwa mambo ya kale. Anayeondoa kitovu kimoja na kukiacha cha pili hajabadilisha njia ya kusimulia. Amebadilisha jina la mgeni tu.

Mageuzi yalianza wakati wa uhuru. Mwaka 1963 mwanahistoria wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa isipokuwa ile ya Wazungu waliofika huko. Mwaka huohuo Terence Ranger alianza kuijenga idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambako wasomi kama Isaria Kimambo na Arnold Temu walimweka Mwafrika kuwa mtendaji. Walter Rodney, aliyefundisha hapohapo, alitoa mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoifanya Afrika iwe nyuma kimaendeleo. UNESCO nayo ilianza mwaka 1964 kuandaa historia ya jumla ya Afrika katika juzuu 8. Juzuu ya mwisho ilisimamiwa na Ali Mazrui wa Mombasa, mzawa wa ukoo uliowahi kuitawala Pemba.

Kazi hiyo ilirudisha heshima kubwa, lakini iliacha kipimo kimoja cha zamani mahali pake. Muda wa Afrika uliendelea kugawanywa katika kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni na baada ya ukoloni. Kwa Pemba mgawanyo huo unabana zaidi ya miaka elfu moja ndani ya jina moja, tena jina linalotokana na jambo lililokuwa bado halijatokea.

Kisiwa kabla ya 1498

Ushahidi wa kisiwani unatoa vipindi vingine. Kaskazini mwa Pemba, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba vijiji na sehemu za miji ambazo Pearce hakuziona, kwa sababu nyumba za huko zilikuwa za udongo na makuti. Tumbe ilikuwa kijiji kikubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Watu wake walilima, walivua, na walichonga shanga za kombe kwa kuzisugua kwenye vigae vya vyungu. Vigae hivyo vyenye mifereji vimeokotwa kwa wingi sana. Pamoja navyo vimepatikana vipande vya vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka Ghuba ya Uajemi. Biashara ya mbali, basi, ilianza katika kijiji cha wakulima na wavuvi, kabla ya mji wa mawe kujengwa.

Chwaka, iliyoko jirani, ilifuata kuanzia karne ya 11 na ilidumu karne kadhaa. Ilikuwa na misikiti ya mawe, ilhali watu wake wengi waliendelea kukaa katika nyumba za udongo. Jambo kubwa zaidi limeonekana katika punje zilizoungua na kubaki ardhini. Huko Tumbe nafaka iliyotawala ni mawele, zao la Afrika. Huko Chwaka ni mpunga, zao lililotoka Asia. Mkulima wa Pemba alipokea mbegu ya ng'ambo, akaijaribu katika mabonde yake yenye maji, na mwisho akaifanya chakula kikuu. Uamuzi huo haukuandikwa na mtu yeyote, lakini ni sehemu ya historia ya kilimo duniani sawa na kusambaa kwa ngano Ulaya.

Maandishi nayo yapo. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman mnamo 916. Alieleza kuwa kisiwa hicho kilikaliwa na Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na kwamba Waislamu wake walizungumza lugha ya Wazanji, yaani wenyeji wa pwani hii. Alieleza pia kuwa pembe za ndovu kutoka nchi ya Wazanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na Uchina. Wataalamu wengi wanaihusisha Qanbalu na Pemba, hasa Ras Mkumbuu, rasi ya magharibi yenye gofu la msikiti mkubwa na makaburi ya minara. Karne tatu baadaye Yaqut al-Hamawi alikitaja Kisiwa cha Kijani chenye miji miwili, na jina la mmojawapo linatambulika kuwa Mtambwe.

Mtambwe Mkuu ndiko kulikotoka ushahidi unaosema mengi kuliko wote. Katika uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo na nyembamba, pamoja na chache za dhahabu. Zile za dhahabu ni dinari za dola ya Kifatimiya, iliyokuwa na makao yake Misri. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan, na maandishi yake ya Kiarabu yamepangwa kwa vina: upande wa mbele unaanza sentensi, upande wa nyuma unaimalizia kwa kumtaja Mungu. Hazina hiyo ilifukiwa katika karne ya 11. Mwanafunzi anayesoma kwamba Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066 anaweza kuambiwa pia kwamba katika karne hiyohiyo kisiwani Pemba palikuwa na fedha zenye majina ya watawala wa pwani, na dhahabu kutoka dola kubwa ya Kiislamu.

Wareno, mchele na Mombasa

Katika vitabu vingi mwaka 1498, Vasco da Gama alipoizunguka Afrika hadi pwani hii na India, ndio unaofungua ukurasa wa dunia mpya. Ukitazamwa kutoka Pemba, mwaka huo unamwonyesha mgeni akiingia katika soko lililokwisha kuwa na njia, bei na majira yake. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na India, na kusi ikavirudisha, kama ilivyokuwa kabla yake.

Wareno waliitaka Pemba kwa chakula. Mchele wake uliilisha Mombasa, na baada ya ujenzi wa Ngome ya Yesu kuanza 1593 uliwalisha pia askari walioikalia ngome hiyo. Hali hiyo iliendelea hata baada ya Waomani kuiteka ngome mwaka 1698. Mazrui wa Mombasa waliishika Pemba katika karne ya 18 kwa sababu ileile, na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipowanyang'anya kisiwa mnamo 1823, Mombasa ilipoteza ghala lake. Mji wenyewe uliangukia mikononi mwake mwaka 1837. Mikasa hii husimuliwa kama vita vya masultani na manahodha. Nyuma yake kuna mabonde ya mpunga na waliolima humo.

Karafuu

Hakuna somo la Pemba linalozunguka dunia kama karafuu. Mti wake ni wa visiwa vya Maluku. Waholanzi walijaribu kuushika peke yao, hadi Pierre Poivre wa Ufaransa alipofanikisha kuletwa kwa miche huko Mauritius mwaka 1770. Mnamo 1818 karafuu ilikuwa imefika Unguja, na kwa kawaida sifa hiyo hupewa Saleh bin Haramil al-Abri. Mashamba yaliyofuata, Unguja na Pemba, yalifanyiwa kazi na watumwa, wakiwemo Wayao na watu wa upande wa Ziwa Nyasa.

Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Mwaka uliofuata mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, wakati hasa Pemba ilipohitaji mikono zaidi, na kwa hiyo magendo ya watumwa yakaendelea katika vijito vyake. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Katika somo moja mwanafunzi anakutana na utumwa, hali ya hewa, mikataba ya dola kubwa na bei za soko, na kila kimoja kinakieleza kingine.

Mlolongo haukuishia kwa Waingereza. Wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na serikali ilipojaribu kuiweka biashara mikononi mwa chama cha wakulima wa karafuu, chama cha Congress huko India kilitangaza kususia karafuu za Zanzibar mwaka 1937. Mwaka uliofuata serikali ililazimika kufikia mapatano. Baadaye mnunuzi mkubwa akawa Indonesia, nchi ya asili ya mti wenyewe, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Indonesia ilipopanda mikarafuu ya kuitosha, bei ya miaka ya 1980 ilianguka, na mwangwi wake ulisikika kwa mchumaji wa Pemba anayelipwa kwa pishi na kwa mama anayechambua makonyo.

Mbali na karafuu, nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani iliyojengwa na Wachina, na Skuli ya Sekondari ya Fidel Castro ni kumbukumbu za wakati wa baada ya Mapinduzi ya 1964. Vita Baridi vinaweza kufundishwa kwa kuanzia hapo, kama mambo ambayo Zanzibar ilichagua na kujadiliana, kabla ya kufika Berlin na Havana.

Darasani

Mihtasari ya Tanzania inaacha nafasi kwa kazi hii. Ule wa sekondari umekuwa na mada ya mawasiliano ya awali kati ya Afrika, Mashariki ya Kati na Mashariki ya Mbali. Mitaala mipya iliyoidhinishwa 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hatari ya somo la taifa ni kuifungia historia ndani ya mipaka iliyochorwa karne ya 19 na ya 20. Pemba, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa karibu zaidi na Mombasa kuliko na Dodoma, haieleweki kwa mipaka hiyo.

Mtazamo wa dunia nzima hauifuti Ulaya, wala hauifanyi Pemba kuwa kitovu kipya. Mapinduzi ya viwanda yanabaki kuwa jambo kubwa; yanapofundishwa pamoja na karafuu, mwanafunzi anaona pia waliolipa gharama yake. Mtazamo huo unadai maswali yaleyale kwa kila jamii: watu walikula nini, nani alifanya kazi, nani alifaidika, ushahidi uliobaki ni wa nani. Swali la mwisho lina uzito hasa kisiwani humu, kwa kuwa majina ya watawala yamebaki katika fedha na ya wenye mashamba katika hati. Waliopanda mpunga wa Chwaka na waliochuma karafuu za 1873 wanatambulika kwa punje, vigae na hesabu za mavuno, na mwalimu anayewafundisha analazimika kumzoesha mwanafunzi kusoma ushahidi huo sawa na anavyosoma kitabu.