VGIK, Chuo cha Filamu cha Moscow

VGIK ni chuo kikuu cha filamu kilichopo Moscow, Urusi. Kilianzishwa mwaka 1919, mkuu wake wa kwanza akiwa mwongozaji Vladimir Gardin, na ndicho chuo cha filamu chenye umri mkubwa kuliko vyote duniani. Tangu 1986 kina jina la Sergei Gerasimov, mwongozaji aliyefundisha hapo kwa miongo kadhaa, na mwaka 2008 kilipewa hadhi ya chuo kikuu.

Mwaka kilipoanzishwa, Urusi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, na mkanda wa kupigia filamu, uliokuwa ukiagizwa kutoka nje, ulikuwa adimu. Uhaba huo ndio uliozaa namna yake ya kufundisha. Lev Kuleshov, mwalimu chuoni hapo aliyezaliwa 1899, aliwakusanya wanafunzi wake, miongoni mwao Vsevolod Pudovkin na Aleksandra Khokhlova, wakawa wanatengeneza filamu zisizo na filamu. Waliandika muswada, wakaugawa picha kwa picha kama utakavyopigwa, kisha wakaigiza kila picha mbele ya watazamaji kana kwamba kamera ipo. Walipopata vipande vya mikanda ya zamani, walivikata na kuviunganisha upya. Jaribio lao maarufu zaidi lilitumia uso mmoja usioonyesha hisia, wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, ukafuatanishwa mara na sahani ya supu, mara na jeneza. Watazamaji waliona njaa, kisha majonzi, ingawa uso haukubadilika hata chembe. Katika jaribio jingine, watu wawili wanakutana katika mitaa ya Moscow na kuelekea kwenye jengo kubwa jeupe, ambalo kwa kweli ni Ikulu ya Marekani iliyochukuliwa katika filamu nyingine. Maana, alisisitiza Kuleshov, hutokana na mpangilio wa picha.

Mwanafunzi wa leo ana tatizo la kinyume. Simu yake inarekodi saa nzima bila gharama, naye huanza kurekodi kabla hajaamua anataka kusema nini. Kwa sababu hiyo mazoezi ya Kuleshov yanastahili kusomwa katika kila chuo, hata kile chenye kamera za kisasa kabisa, kwa kuwa yanamlazimisha mtu kuiona filamu kichwani kabla ya kugusa kitufe.

Mwongozaji Sergei Eisenstein alilipeleka wazo hilo mbali zaidi. Alifundisha uongozaji chuoni hapo katika miaka ya 1930 na 1940, na mwanafunzi wake Vladimir Nizhny aliyaandika masomo hayo katika kitabu kilichotoka 1958. Zoezi moja kubwa linahusu Jean-Jacques Dessalines, jemadari wa Haiti, ambaye Wafaransa wanamwalika kwenye karamu ili wamkamate. Mwalimu hatoi jibu, anauliza. Mlango uwe wapi? Meza ikae vipi ili mgeni azingirwe bila kujua? Aonywe na nani, na watazamaji watambue lini kwamba ameelewa? Dirisha atakalorukia lionekane tangu mwanzo, au lifichwe? Wanafunzi wanapendekeza, wanapingana, wanafuta ubaoni na kuanza upya, na kila uamuzi kuhusu fanicha unageuka uamuzi kuhusu nguvu na hofu. Ni vigumu kupata maelezo yaliyo wazi kuliko haya kuhusu kazi ya mwongozaji. Tena Eisenstein hakuichagua Haiti kwa kubahatisha: alitamani kutengeneza filamu ya mapinduzi yake, akimfikiria Paul Robeson kama mwigizaji, lakini haikutengenezwa.

Msingi wa mafunzo ya VGIK ni karakana ya mwalimu mmoja. Mwombaji hupita mitihani ya hatua kadhaa, na akikubaliwa huwekwa chini ya mwongozaji au mpigapicha mzoefu anayelilea kundi lake hadi filamu ya kuhitimu. Wapigapicha huanzia kwenye picha mnato. Karakana ya Mikhail Romm iliwatoa Andrei Tarkovsky na Vasily Shukshin, watu wawili ambao filamu zao hazifanani hata kidogo, na hilo ni sifa kwa mwalimu. Lakini dola ya Kisovieti iliyolipia masomo ndiyo iliyokagua kazi. Kira Muratova, aliyehitimu kwa Gerasimov mwaka 1959, aliona filamu yake ya 1971 ikifungiwa hadi 1987, na mhitimu mwingine, Sergei Parajanov, alifungwa gerezani.

Baada ya nchi nyingi za Afrika kupata uhuru, Umoja wa Kisovieti ulitoa ufadhili kwa wanafunzi kutoka nchi hizo, ambao kwanza walijifunza Kirusi. Souleymane Cissé wa Mali alihitimu 1969. Filamu zake Baara na Finye zilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1979 na 1983, na Yeelen ikapata tuzo ya majaji Cannes mwaka 1987. Ousmane Sembène wa Senegal mara nyingi huhesabiwa pamoja nao, ila yeye alijifunza kwa Mark Donskoy katika studio ya Gorky, iliyo jirani na chuo. Abderrahmane Sissako, aliyekulia Mali na Mauritania, aliingia 1983. Filamu yake Octobre ya 1993, kuhusu Mwafrika anayejiandaa kuondoka Moscow na mpenzi wake Mrusi mwenye mimba, inaonyesha upweke ambao taarifa za urafiki wa mataifa hazikuutaja.

Leo VGIK hufundisha uongozaji, uigizaji, upigaji picha, uandishi wa miswada, usanifu wa mandhari, uzalishaji, na vilevile katuni na midia anuwai za kidijitali, katika mtaa wa Wilhelm Pieck, kaskazini mwa jiji.