Bildad Kaggia na Deni la Ardhi

Askari wengi wa Kenya waliporejea kutoka Vita Vikuu vya Pili waliambiwa washike tena jembe na shukurani, lakini Bildad Kaggia, mzaliwa wa mwaka 1921, aliyejiunga na jeshi la Mwingereza mwaka 1940 akafikia cheo cha sajini, akauona mji wa Yerusalemu na kuishi Uingereza yenyewe, alirudi kwao mwaka 1946 akiwa hana tena hofu ya mzungu wala utiifu kwa kanisa lililomlea. Akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Akakamatwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952. Na mahakamani Kapenguria, pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 cha kazi ngumu, akakitumikia Lokitaung, katika jangwa la Turkana.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Kaggia alikuwa mbunge wa Kandara na naibu waziri wa elimu. Hata hivyo, moyo wake haukuwa katika elimu, bali katika hesabu moja ya uchumi iliyomnyima raha. Serikali ilikuwa ikikopa fedha Uingereza na Benki ya Dunia ili kuwalipa walowezi thamani ya mashamba yao, kisha mashamba hayo, yapatayo ekari milioni 1, yakakatwa viwanja na kugawiwa wananchi kwa mkopo, kila mmoja akitakiwa kulipa kwa mafungu kutokana na mavuno yake. Kaggia akauliza: ikiwa ardhi ilitwaliwa kwa nguvu, yawaje mwenyewe aliyedhulumiwa ainunue, na fakiri aanze uhuru wake akiwa mdeni? Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na mashamba makubwa yashikwe na vyama vya ushirika badala ya kuangukia mikononi mwa matajiri wapya. Kwa ajili ya maneno hayo alitoka serikalini Juni 1964.

Mwaka uliofuata, Kenyatta, sasa akiwa Rais, alifika Kandara kwenyewe, na mbele ya umati wa wapiga kura wa Kaggia, naye akiwapo, akamtajia wenzao wa kifungoni waliokwisha kupata majumba na mabasi, akamwuliza yeye amejifanyia nini nafsi yake. Wengi walilichukua swali lile kuwa ni fedheha. Mimi naliona kuwa ni shahada ya uadilifu ambayo mtumishi wa umma huipata kwa nadra, tena kutoka kinywani mwa hasimu wake.

Mwaka 1966 alijiunga na chama cha upinzani cha KPU cha Oginga Odinga, akapoteza kiti chake, na mwaka 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali ya watu aliofungwa nao. Baadaye alirudi KANU, chama tawala cha Kenyatta, akapewa uenyekiti wa bodi ya pamba. Kisha akaiacha siasa, akaendesha mashine ya kusaga mahindi, akiwasagia unga majirani zake. Alifariki dunia tarehe 7 Machi 2005, akiwa hana utajiri.